Mapango ya barafu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hayaishi, kila msimu yanarudi yaleyale, kwa hiyo majibu yamekusanywa hapa sehemu moja. Mengine yana majibu marefu kwa sababu mambo yenyewe ni marefu, mengine ni mstari mmoja tu. Soma lile la kwanza kabla ya kuruka huko chini, la sivyo utachanganyikiwa.

Pango la barafu ni kitu gani hasa?

Hapa ndo wengi wanakosea, maana jina ni moja ila vitu ni viwili tofauti kabisa. Cha kwanza ni pango lililo ndani ya glasia, yaani ile barafu kubwa inayotambaa taratibu kushuka toka milimani, kuta zake na dari ni barafu tupu na chini unaweza kukuta mawe au maji yanapita. Cha pili ni pango la kawaida la mwamba, mara nyingi mawe ya chokaa na saa zingine lava iliyoganda, ambalo ndani yake barafu imejijenga na inakaa mwaka mzima hadi mwaka unaofuata. La kwanza ni njia ya maji, la pili ni ghala la baridi. La kwanza linabadilika kila wiki, la pili linaweza kutunza barafu ya maelfu ya miaka. Ukiuliza "ni salama?" au "lina umri gani?" bila kusema unaongelea lipi, basi hakuna mtu anayeweza kukujibu vizuri.

Hilo la ndani ya glasia linachimbwa na nini?

Maji. Kiangazi jua linayeyusha uso wa glasia, vijito vinatiririka juu ya barafu mpaka vikutane na ufa, vinadumbukia humo na kuanza kuchimba shimo la wima ambalo linaweza kwenda chini makumi ya mita. Yakifika chini maji yanatafuta njia kwenye sakafu ya mwamba mpaka yatokee kule mwisho wa glasia, na njia hiyo ndo baadaye wewe unaiita pango.

Sasa mtu anauliza, maji yenyewe ni ya nyuzi 0 au zaidi kidogo tu, yanayeyushaje barafu? Jibu ni nguvu ya kuanguka. Maji yakiporomoka na kujisugua yanatoa joto, na ukipiga hesabu unakuta tani moja ya maji ikishuka mita 100 inatoa nishati ya kuyeyusha karibu kilo 3 za barafu. Inaonekana kidogo eeh? Lakini chukua kijito cha tani moja kwa sekunde, ambacho ni kijito cha kawaida tu kwenye glasia kubwa wakati wa kiangazi, kiache kidumbukie siku nzima mchana na usiku, hapo ni kama tani 250 za barafu zimeondoka. Kwa siku moja!

Halafu maji yakishapungua hewa nayo inaingia kazini. Hewa ya vuguvugu inapita toka mdomoni kwenda ndani na kuzichonga kuta, ndo maana unaona zile kuta zenye vijibonde vilivyopangana ukuta mzima, vimelainika utadhani kuna mtu kakaa akavipiga msasa.

Kama maji yanachimba kila mwaka, mbona glasia haijawa matundu matupu?

Kwa sababu barafu inatambaa. Watu wanaiona kama jiwe ila ukiibana kwa uzito mkubwa kwa muda mrefu inanyumbulika, na mita moja ya ujazo ina uzito wa kilo zaidi ya 900, sasa fikiria mita 50 au 100 zimekaa juu ya dari la pango. Maji yanapokuwa yamejaa yanasukuma kuta zisifunge, ila majira ya baridi yakifika maji yanakata, pango linabaki na hewa tu, na barafu inaanza kulibana toka pande zote. Kadiri unavyokwenda chini mbano unaongezeka kwa kasi ya ajabu, yaani kina kikiwa mara mbili kasi ya kufunga inapanda kama mara 8. Ndo maana mapango yanayoingilika na watu mengi yako karibu na kingo au mwisho wa glasia ambako barafu ni nyembamba. Ya katikati kwenye kina yanafunguka kiangazi na kufunga baridi, mwaka ukigeuka maji yanachimba upya, na si lazima yapite palepale.

Na lile la mwambani, barafu inabakije wakati nje kuna joto?

Hili ndo swali tamu kuliko yote kwa maoni yangu. Kuna njia mbili kubwa.

Ya kwanza ni mtego. Pango lenye mdomo juu na chumba chini linapokea hewa baridi wakati wa majira ya baridi, kwa vile hewa baridi ni nzito inazama na kukaa kule chini kama maji kwenye mtungi. Kiangazi hewa ya joto ni nyepesi, inaelea huko juu na haiwezi kuisukuma ile ya chini. Scărișoara kule milima ya Apuseni, Romania, ni mfano mzuri, na Dobšinská ya Slovakia vilevile, hiyo ina barafu ya zaidi ya mita za ujazo 110,000 na kuna sehemu unene unafika mita 26 na kitu.

Ya pili ni upepo. Pango lina mdomo chini na nyufa huko juu mlimani. Majira ya baridi ndani ya mlima joto linazidi kidogo la nje, kwa hiyo hewa ya ndani inapanda na kutokea juu, na ile ya nje yenye baridi kali inavutwa kupitia mdomo wa chini na kugandisha mwamba. Kiangazi mtiririko unageuka, hewa iliyopozwa na mwamba inateremka na kutokea kwa nguvu mdomoni. Eisriesenwelt ya Austria inafanya kazi hivi, na wageni wanaoingia kiangazi wanajua, mlango ukifunguliwa tu upepo unazima taa zao.

Kitu kinachoshangaza wengi ni kwamba barafu ya mapango haya hukua zaidi majira ya kuchipua, sio katikati ya baridi. Wakati wa baridi huko juu maji yote yameganda kwa hiyo hakuna kinachodondoka. Theluji ikianza kuyeyuka maji yanapenya kwenye nyufa, yanakutana na mwamba uliopoa miezi yote ile, yanaganda papo hapo. Hapo ndo stalagmiti za barafu, yaani nguzo zinazoota toka chini, na mapazia makubwa yanajengeka.

Kwa nini barafu ni ya bluu?

Barafu inanyonya mwanga mwekundu zaidi kuliko wa bluu, sasa mwanga ukipita kwenye barafu nene kinachobaki kukufikia ni bluu. Theluji na barafu changa ina mapovu mengi ya hewa yanayotawanya mwanga wote kabla haujaenda mbali, ndo inaonekana nyeupe. Barafu ya glasia imebanwa miaka na miaka mapovu yakasinyaa au kuisha, mwanga unasafiri ndani yake umbali mrefu. Ile mistari myeusi unayoona mara nyingi ni vumbi, na kule Iceland ni majivu ya volkano. Na ukikuta pango limekolea bluu kweli kweli hata mchana linapitisha mwanga toka juu, ujue dari sio nene sana, furahia ila usikae chini yake ukijipiga selfi nusu saa.

Yana umri gani?

La ndani ya glasia: lenyewe kama tundu linaweza kuwa la msimu mmoja au miaka michache, ingawa barafu yenyewe iliyolizunguka inaweza kuwa ya mamia ya miaka. La mwambani: pale Scărișoara barafu ya chini ina zaidi ya miaka 10,000. Imejipanga tabaka juu ya tabaka na katikati yake kuna vipande vya miti, majani na chavua, kwa hiyo wanasayansi wanatoboa, wanachomoa nguzo ndefu nyembamba ya barafu na kusoma hali ya hewa ya zamani.

Kubwa kuliko yote liko wapi?

Kwa yale ya mwambani ni hiyohiyo Eisriesenwelt, juu ya mji wa Werfen, lina urefu wa kilomita 42 hivi. Ila usidanganyike, barafu iko kwenye kilomita ya kwanza tu, huko mbele ni pango kavu la chokaa.

Kwa yale ya glasia taji linahama kwa sababu yenyewe yanakufa. Kwa muda mrefu lililokuwa refu kuliko yote lililopimwa ni Paradise, kwenye Mount Rainier jimbo la Washington, Marekani, mwaka 1978 lilikuwa na njia za zaidi ya kilomita 13. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 likawa limekwisha, yaani kilomita zote hizo leo huwezi kuonyeshwa hata mita moja.

Nimesikia kuna mapango ya barafu yenye joto, ni kweli?

Kweli, na ndo yanayonifurahisha mimi. Volkano iliyofunikwa na barafu inatoa mvuke kupitia matundu yake, mvuke unachimba mapango kwa chini. Mount Erebus huko Antaktika ni volkano hai ya mita 3,794, na ndani ya baadhi ya mapango yake joto linafika nyuzi 25 hivi, sehemu ambayo nje ungeganda. Mwaka 2017 watafiti walitangaza kwamba udongo wa humo una DNA ya mwani, kuvumwani na wanyama wadogo wadogo, ingawa DNA peke yake haithibitishi kwamba viumbe hao bado wanaishi humo.

Kileleni mwa Mount Rainier pia kuna mapango ya namna hii kwenye kreta. Agosti 1870 Hazard Stevens na Philemon Van Trump walifika huko juu jioni wakiwa wamechelewa, upepo mkali, hakuna blanketi, na kilichookoa maisha yao ni pango la barafu lililochimbwa na mvuke. Wakalala humo, upande mmoja unaungua na mvuke upande mwingine unaganda, asubuhi wakashuka wazima.

Ila joto hilo lina bei yake, ona swali la hatari huko chini.

Nani walianza kuyachunguza?

Wachungaji na wawindaji wa milimani waliyajua zamani kabla ya mtaalamu yeyote, tena wengi waliyaogopa. Kwa upande wa kumbukumbu zilizoandikwa, Dobšinská iliingiwa mwaka 1870 na Eugen Ruffinyi, mwaka uliofuata ikafunguliwa kwa wageni na 1887 ikawekwa taa za umeme, mapema kupita mapango mengi duniani. Eisriesenwelt ni Anton Posselt mwaka 1879, aliingia kama mita 200 barafu ikamzuia, akaandika ripoti, watu wakasahau kabisa. Miaka zaidi ya 30 ikapita mpaka Alexander von Mörk alipoisoma na kupeleka timu 1912 na 1913, wakakata ngazi kwenye ukuta wa barafu na kuvuka. Vita vikaja, Mörk akauawa 1914, na kwa matakwa yake majivu yake yamehifadhiwa ndani ya pango hilohilo. Wenzake ndo waliomalizia kazi.

Kushuka kwenye mashimo ya wima ya glasia ni jambo la zamani pia. Mfaransa Joseph Vallot alishuka kwenye shimo la glasia ya Mer de Glace, Ufaransa, mwishoni mwa karne ya 19, akafika kama mita 60. Na siku hizi wapo kina Eddy Cartaya na Brent McGregor, ambao kuanzia 2011 walipima mapango ya Sandy Glacier kwenye Mount Hood, Oregon, zaidi ya kilomita 2 za njia, wakarudi mwaka baada ya mwaka kuona yanavyoisha.

Wanatumia vifaa gani?

Helmeti, taa ya kichwani na taa za akiba, kramponi miguuni (zile meno za chuma za kufunga chini ya viatu), shoka la barafu, kamba, mkanda wa kujifungia na skrubu za barafu za kushikizia kamba. Skrubu ina tatizo moja, ikibeba uzito muda mrefu au ikipigwa na hewa ya joto barafu inayoizunguka inayeyuka na kulegea, kwa hiyo wanafunga zaidi ya moja na kuzikagua kila mara. Nguo: ndani kitambaa kisichoshika maji, pamba hapana, nje koti la kuzuia maji kwa sababu dari linadondosha. Kwenye mapango ya volkano kipimo cha gesi ni lazima.

Ramani inachorwaje wakati pango linabadilika?

Zamani kwa futi kamba na dira, sasa ni kipimo cha leza, kutoka pointi moja kwenda nyingine, unaandika umbali, mwelekeo na mwinamo, na unachora kwa mkono palepale. Kuna timu zinabeba skana ya leza inayotoa umbo zima. Na kwa sababu pango ni la kupita, tarehe kwenye ramani ni muhimu kuliko hata jina, ramani ya miaka mitatu nyuma usiitumie kutafutia njia ya kutokea. Thamani yake iko kwenye kulinganisha, unaweka ya mwaka huu juu ya ile ya zamani na unaona barafu ngapi imeondoka na imeondokea upande gani, kitu ambacho satelaiti haioni kwa sababu inaangalia uso wa juu tu.

Hatari kubwa ni ipi?

Kuporomoka, bila ubishi. Agosti 25, 2024 ukuta wa barafu uliangukia watalii kwenye glasia ya Breiðamerkurjökull, Iceland, Mmarekani mmoja akafariki na mwenzake akaumia. Kwenye mapango ya barafu ya Big Four, Washington, Julai 2015 barafu iliporomoka ikaua mtu mmoja na kujeruhi wengine, na miaka mitano kabla yake mtoto wa miaka 11 alifariki palepale. Yote haya ni majira ya joto, angalia miezi. Na yule mtoto wa Big Four hakuwa hata ndani, usidhani kusimama mdomoni ni usalama, mdomo ndo sehemu dhaifu kuliko zote maana unapigwa na jua na hewa ya nje.

Ya pili ni maji. Ziwa lililojifungia ndani au chini ya glasia linaweza kufumuka ghafla na kupita kwenye mapango, au mvua na joto la mchana vikajaza njia ndani ya masaa. Ya tatu ni gesi kwenye volkano, kabonidioksidi ni nzito, inakaa mabondeni, haina harufu, mtu anainama kufunga kamba ya kiatu na hainuki. Haidrojeni salfaidi inanuka mayai viza mwanzoni, halafu pua inazoea na unadhani imeisha, hapo ndo mbaya. Kuteleza na baridi ya mwili navyo vipo, ila hivyo unaweza kuvidhibiti kwa vifaa na akili.

Niende msimu gani basi?

Glasia: katikati ya majira ya baridi. Iceland ni kama Novemba hadi Machi, maji yamekata na barafu imekaza. Na hata hapo, wiki ya mvua na joto ikipita safari inaahirishwa, na mwongoza wageni akikwambia leo hatuingii usimbembeleze wala kumwongezea hela, yeye amelikagua asubuhi wewe hujaliona kabisa. Mtu anayekuuzia pango la glasia mwezi wa nane mimi ningempita tu.

Mwambani: kinyume, mengi yanafunguliwa wakati wa joto kwa sababu njia za mlimani zinapitika. Eisriesenwelt hufunguliwa Mei hadi Oktoba. Dari ni mwamba, kwa hiyo joto la nje sio tishio la aina ileile.

Kuna kitu kinaishi humo?

Bakteria wapo, hata kwenye tabaka za zamani za Scărișoara wamekutwa. Na kwenye glasia za pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini kuna minyoo midogo myeusi ya barafu inayokula mwani, inapenda nyuzi 0 na joto likizidi kidogo tu inakufa.

Yale ya kuchongwa na watu yanahesabika?

Kisayansi hapana, ila sio utapeli. Pale Mer de Glace, Ufaransa, wanachonga pango upya kila mwaka kwa sababu glasia inasogea na kulibeba lile la zamani. Kwenye glasia ya Rhône, Uswisi, wanafunika barafu kwa vitambaa vyeupe kiangazi ili pango lao lisiyeyuke haraka. Langjökull, Iceland, kuna handaki la kama mita 500 lililofunguliwa 2015. Kwa mtu anayetaka kuona barafu ya ndani bila mashaka mengi hizi ni chaguo zuri.

Mtu asiye na mazoezi anaweza?

Inategemea. Eisriesenwelt ina ngazi 700 za kupanda na 700 za kushuka, saa moja na robo hivi kwenye hewa ya nyuzi 0, na kabla ya hapo kuna kupanda mlima mpaka mdomoni. Magoti mabovu yatalalamika. Safari nyingi za glasia ni kutembea na kramponi kwenye sehemu ya wastani. Mashimo ya wima ni ya watu wa kamba, huko usijaribu kwa kuangalia video.

Naruhusiwa kupiga picha?

Kwenye glasia ndio, beba tripodi na betri za akiba ndani ya koti maana baridi inazimaliza haraka, na usiiamini kamera ikichagua mwanga yenyewe, bluu inatoka kijivu. Eisriesenwelt picha za ndani haziruhusiwi, utaambiwa mlangoni.